Mayai Sitini Ndani ya Soksi

Nianze na lile linaloniuma zaidi ili tumalizane nalo mapema: mimi, Wekesa, muuza mabegi na viatu vya mitumba sokoni Kangemi, mtu anayejulikana kwa kuhesabu kila kitu mara mbili, ndiye niliyepasua mayai sitini ndani ya maji waliyokuwa wakioga wanawake saba, na mmoja wa hao saba alikuwa mama ya mchumba wangu. Haya, nimeshasema. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kuna mahali ambapo mimi mwenyewe huwa sicheki.

Julai ya Nairobi mnaijua. Nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na siku ya nne unazianua na unyevu wake wote, na kule Uthiru ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sasa Mama Wangari (Wangari ndiye mchumba wangu, na mama yake ni mjane mwenye vyumba sita vya kupangisha na magoti mawili mabaya) alikuwa amesikia kanisani habari za chemchemi ya maji moto huko chini kwenye Bonde la Ufa, mahali ambapo gari halifiki, na kwamba kuna mama mmoja alienda huko akichechemea na akarudi akipiga magoti kusali bila kushikiliwa. Hakuhitaji kusikia zaidi. Tangu Machi, kila Jumamosi, alikuwa akitembea na wenzake watano kutoka Uthiru mpaka Kangemi na kurudi, kujizoeza, na wakifika kibandani kwangu wanaketi juu ya mabunda yangu kupumzika, na mimi siuzi kitu nusu saa nzima kwa sababu bidhaa imekaliwa.

Nilialikwa kwenye safari hiyo ili nibebe mizigo. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mtihani, lakini mwanamume aliyeomba mke tangu mvua za masika, akajibiwa na mama mtu, "Nitafikiria," kisha akaitwa kubeba mizigo ya mama huyo siku mbili mfululizo, hahitaji kuambiwa. Isitoshe, nilijua kilichokuwa kikimfanya afikirie sana. Wangari alishaninong'onezea: "Mama anasema wewe ni mtu wa kupunguza. Kila kitu lazima upunguze." Nami nilikuwa nimecheka, nikamwambia hiyo ndiyo kazi.

Basi Alhamisi jioni nikapanga begi langu, kubwa, la lita themanini, mali safi ambayo mwenyewe wa Ulaya aliitupa bila kujua alichokuwa nacho. Njoro, kaka yake Wangari, alikuwa ameniletea meko ya mama yao, ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia juu yake, kwa sababu kule tuendako tulishaambiwa kwamba kuwasha kuni ni marufuku. Njoro alipoondoka nikaazima mizani ya jirani yangu muuza viazi, nikapima begi. Kilo ishirini na sita. Nikapima tena. Ishirini na sita. Nikatoa meko, nikapima: kumi na tatu na nusu. Nikasimama pale nikiuangalia ule mtungi jinsi ninavyomwangalia mteja anayetaka viatu pamoja na kamba za ziada.

Hapo ndipo kumbukumbu ikanijia (ingekawia dakika kumi, leo nisingekuwa na la kusimulia). Nilipokuwa darasa la saba tulipelekwa ziara ya shule kwenye ziwa lenye maji yanayotokota, na mwenyeji mmoja akatumbukiza mayai mawili kwenye shimo, tukahesabu wote kwa sauti mpaka mia tatu, akayatoa yameiva kabisa. Nikajiambia, Wekesa, maji moto ni maji moto, kwa nini ubebe moto kupeleka kwenye moto? Meko ikaingia chini ya meza. Badala yake nikanunua mayai trei mbili, na kwa kuwa trei hazikai vizuri begini nikatia kila mayai mawili ndani ya soksi moja, zile soksi za mitumba zilizopoteza wenzao, ambazo huwa hazinunuliki hata nikizitoa bure. Soksi thelathini. Nikazipanga ndani ya gunia la wavu, la vitunguu. Nilihesabu mara mbili, yakawa sitini, watu tisa (wanawake saba, Wangari akiwemo, Njoro na mimi) kila mmoja sita na sita ya dharura, na nikalala nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote kati ya Kangemi na bondeni.

Njia ilitumaliza kwa saa tano nzima. Gari lilituacha Ijumaa asubuhi ukingoni, baridi ikipuliza mpaka kwenye meno, na kutoka hapo ni kuteremka tu, mawe na miiba, na kuteremka ndiko kunakoua magoti. Mama Wangari hakulalamika hata mara moja. Alikuwa na fimbo mbili, akitafuta pa kukanyaga kama anayevuka mto, na mimi nikitembea mbele yake hatua thelathini, si chini ya hapo, kwa sababu kwetu upande wa Bungoma nimelelewa kwamba mama mkwe humpi mkono, humsogelei, hukai naye kiti kimoja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini. Yeye, Mkikuyu wa Uthiru, jambo hilo lilikuwa likimchekesha na kumchosha pia. Mara moja alijikwaa nikaruka majanini badala ya kurudi kumshika, na Njoro ndiye aliyemdaka.

"Shem," Njoro akaniambia baadaye kwa sauti ya chini, "huyo ni mama tu. Haumi."

"Ni heshima," nikasema.

"Heshima gani ya kuacha mtu aanguke?"

Nilijifanya narekebisha mkanda wa begi.

Saa kumi tulifika. Palikuwa na mwamba mkubwa kama nyumba, nyuma yake juu ndiko kwenye jicho la chemchemi, na chini upande wa pili kidimbwi kilichozingirwa kwa mawe na udongo, kikifuka mvuke. Aliyekuwa akikilinda ni mama mmoja mrefu mwembamba ambaye wenyeji walimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, naye alitupa masharti akiwa amesimama, bila kutabasamu. Maji ya jioni ni ya mifugo. Asubuhi ni ya wanawake, mpaka jua lipige juu ya ule mwamba, na mwanamume haruhusiwi kuupita. Baada ya hapo ni zamu ya wanaume. Moto wa kuni hakuna, nyasi zimekauka.

Nikaona nifungue kinywa, maana ndicho nilichojaliwa. "Yeyo, tupunguzie kidogo. Leo jioni nusu saa tu. Mama ana magoti."

"Ng'ombe nao wana magoti," akasema, akaondoka.

Tukapiga mahema. Upepo ukaanza, ule wa Julai ambao hata bondeni unakufuata, na wale akina mama wakajikunyata kwenye shuka zao wakingojea kitu kimoja tu ambacho kila mtu kwetu hukingojea akifika popote.

"Wekesa," akaita Mama Wangari, "weka chai."

Naapa kwamba pale nilikuwa na nafasi. Ningesema tu, mama, meko nimeiacha, nisamehe, tungekula mkate mkavu na parachichi wakanisengenya usiku mmoja, ikaisha. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukifanya biashara.

"Upepo huu utazima moto, mama. Halafu iko chini kabisa ya begi. Kesho mkitoka kuoga mtakuta chai na mayai moto."

"Lakini iko?"

"Iko."

Akaniangalia kidogo. Kisha akawageukia wenzake akawaambia, "Haya, tuvumilie, kijana amesema kesho," nao wakavumilia, wakala mkate na parachichi, na mmoja wao akawa anatafuna polepole huku macho yake yako kwenye begi langu.

Asubuhi kulipambazuka baridi kali, na kidimbwi kilikuwa kinatoa mvuke mzito hata huoni upande wa pili. Nikafurahi, nikajiambia hayo yanatokota hayo. (Asubuhi ile kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke, ng'ombe, kinyesi cha ng'ombe, hata mimi nikipumua, lakini hilo sikulihesabu hata mara moja.) Wanawake wakateremka na khanga zao, Mama Wangari mbele, akitabasamu kama msichana. Kule mbali tukasikia sauti yake akiingia majini, "Uuuui, Mungu wangu," kwa raha, na wengine wakicheka.

Sasa mimi hesabu yangu ilikuwa hivi: wakitoka lazima wakute chakula, jicho la chemchemi liko nyuma ya mwamba, mwamba siruhusiwi kuupita, lakini hakuna aliyesema kamba hairuhusiwi. Nikafunga lile gunia la wavu kwa kamba ya mita kumi, nikapanda upande wetu wa mwamba mpaka karibu na kilele, na hapo heshima ikanipata tena, maana nikiinua kichwa tu nitaona upande wa pili, na upande wa pili kuna mama mkwe ndani ya maji. Kwa hivyo nikageuka. Nikaupa mwamba mgongo, nikayarusha mayai nyuma yangu, juu ya bega, kama mtu anayetupa takataka bila kutaka kujua zinaangukia wapi.

"Shem, na kama hujalenga?" akauliza Njoro kutoka chini.

"Nimepima kwa macho jana."

"Kwa macho gani, na umegeuka?"

Gunia lilikuwa limepita jicho likateleza juu ya jiwe laini, likaenda zake mpaka kidimbwini. Nilisikia "chubwi," kisha kimya, kisha sauti ya mwanamke mmoja, "Nyoka! Nyoka ya rangi!" na hapo wote saba wakapiga ukemi ambao nadhani ulifika Uthiru kabla yetu. Nikavuta. Mtu mwenye akili angeachilia, lakini mimi sijawahi kuachilia mali yangu ikiwa upande wa pili, kwa hivyo nikavuta kwa nguvu zote, gunia likanasa kati ya mawe, nikavuta tena, nikasikia kwa vidole, kupitia ile kamba, mayai yakipasuka moja moja kama mtu anayealisha vifundo vya vidole.

"Ni mayai!" nikapaza sauti, bado nimegeuka. "Msiogope! Ni mayai tu!"

"Mayai ya nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Wangari.

Wavu ukachanika. Kamba ikalegea, nami nikaanguka kwa makalio upande wetu, mbele ya Njoro na wenyeji wanne waliokuwa wamekuja mbio.

Yeyo aliporuhusu tupite, wanawake wakiwa wameshavaa, ute wa mayai kwenye nywele zao, nilikuta maji yamekuwa uji wa manjano na juu yake zinaelea soksi: za mistari, za watoto zenye picha za dubu, moja ndefu nyekundu ya mpira wa miguu. Maji yale nilipotia mkono yalikuwa ya kuogeshea mtoto. Hata ningelenga jicho lenyewe, mayai yasingeiva mpaka Krismasi.

Hakuna aliyecheka. Wangari alikuwa ameangalia chini. Yeyo akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba watu na mifugo wa pale wanategemea maji hayo, kwamba chakula hakitiwi humo, na kwamba sasa kidimbwi lazima kifunguliwe kimwagike chote, kisuguliwe kwa mchanga, kijae upya. Mpaka lini? Jioni.

Tulipaswa kuanza kupanda adhuhuri, la sivyo giza lingetukuta njiani na mama mwenye fimbo mbili. Nikamtazama Mama Wangari. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, khanga imeloa, mikono juu ya magoti. Miezi minne ya Jumamosi, saa tano za mawe, na alikuwa amekaa majini dakika nane. Najua ni nane kwa sababu Njoro alikuwa na saa.

"Yeyo," nikasema, "tupatie saa mbili. Nitasugua mwenyewe. Hata saa moja na nusu yakijaa nusu."

"Hapa si sokoni," akasema. "Maji hujaa yanapojaa."

Nikafungua kinywa niongeze neno. Nikakifunga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu bei kunishinda nikanyamaza.

Nilivua viatu, nikaingia, nikang'oa jiwe la kutolea maji, na nikasugua mbele ya watu wote, nimekunja suruali, nikiokota maganda kwa vidole. Yeyo alinitaka nipange soksi juu ya jiwe nizihesabu. Zikawa ishirini na tisa. "Hesabu tena," akasema. Ishirini na tisa. Ya thelathini tuliipata imeziba tundu la maji, na Njoro, ambaye alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kuliko nilivyomtarajia, akasema, "Angalau hesabu yako ilikuwa sawa, shem."

Nilipomaliza jua lilikuwa limeshapiga juu ya mwamba. Yeyo akakagua, akapitisha kiganja kwenye mawe, kisha akasema zamu sasa ni ya wanaume, na wanaume ni sisi wawili, tukitaka kumpa mama zamu yetu ni juu yetu. Njoro akasema amempa. Mimi sikuwa na haja ya kuulizwa.

Lakini maji yalikuwa yanafika kifundo cha mguu tu. Mama Wangari akaingia akaketi kwenye jiwe la ndani, magoti yake yako nje, makavu. Wangari na wenzake walikuwa wanavunja mahema, Njoro anapanga mizigo. Nikachukua mtungi wa plastiki wa lita tano, nikapanda mpaka kwenye jicho, nikajaza, nikarudi, nikasimama hatua kumi kutoka kwake. Sikujua la kufanya na miguu yangu.

"Kuja," akasema.

Nikasogea nimegeuza uso, nikamimina.

"Wekesa, unamwagia jiwe. Jiwe haliumwi."

"Mama, kwetu..."

"Najua ya kwenu. Wangari aliniambia. Mimi nimekuja hapa kwa sababu ya magoti. Angalia unachofanya."

Nikaangalia. Yalikuwa yamevimba yote mawili, ngozi imevutika inang'aa, na la kushoto limepinda kidogo kwa ndani. Kila Jumamosi tangu Machi magoti yale yalikuwa yamefika kibandani kwangu kutoka Uthiru, yakaketi mbele yangu, na mimi nilichokuwa nikiona ni bunda lililokaliwa. Nikamimina polepole, juu ya moja, kisha juu ya lingine. Akafumba macho. Nikaenda nikarudi. Safari za kwanza nilihesabu, ishirini na kitu, baadaye nikapotewa na hesabu na sikuianza upya.

Katikati ya hapo, akiwa bado amefumba macho, akauliza, "Meko yangu iko wapi?"

"Kangemi. Chini ya meza."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Ilikuwa nzito."

"Na jana jioni nilipokuuliza?"

"Nilijua haipo."

Akaniacha nimimine mtungi mzima na nusu. Kisha akasema bila hasira, na angekuwa na hasira ningeyabeba vizuri zaidi: "Mayai ni mayai. Kila mtu huvunja kitu. Lakini jana niliwaambia wale akina mama wavumilie kwa sababu wewe umesema. Niliwapa neno lako kama langu. Hilo ndilo umelivunja."

Nikasema nisamehe mama. Akasema amesikia. Nikauliza (mjinga haachi) kama sasa jibu la lile ombi langu ni hapana.

"Jibu sina leo. Siku moja nitakuuliza kitu kidogo, utanijibu ukweli hata kama haukufai. Nikiona hivyo nitajua. Sasa mimina, jua linakwenda."

Nikamimina. Adhuhuri tukaanza kupanda, na safari hii nilikuwa nyuma yake hatua moja, kiganja tayari, na mara mbili nilimshika mkono. Bungoma hawajui, na nyinyi msiwaambie.

Tangu siku hiyo bado nauza, bado nabishana bei na kila anayesimama kibandani, hiyo siwezi kuacha na sijaahidi. Nilichoapa ni kitu kimoja: sitapunguza tena kitu ambacho mwenye kukikosa atakuwa mtu mwingine. Begi likiwa zito, liwe zito. Na meko niliirudisha Uthiru siku ile ile tuliyorudi, nikaibeba begani kutoka Kangemi mpaka mlangoni kwake, akaipokea akasema asante, wala hakusema jingine.

Wiki tatu zikapita. Jumapili iliyopita, kama saa saba mchana, nikiwa chumbani kwangu sijatia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa sababu biashara ilikuwa mbaya wiki nzima na sikutaka mtu yeyote ajue, hasa Mama Wangari, simu ikalia ikawa ni yeye. Akanisalimia, akauliza habari za kazi, kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu hulijibu bila kufikiri.

"Umekula?"

Nilikuwa tayari na "nimekula" yangu, iko kwenye ulimi.

"Bado, mama," nikasema. "Sina kitu."

Nikasikia sufuria ikifunikwa, na sauti yake akimwambia mtu aongeze sahani.

"Basi njoo," akasema. "Tunakungoja."